Koti la Bronzi la Baba Merveille

Siku yangu ya kwanza kwenye fonderi, kiwanda cha kumimina shaba, nilipewa chekecheke la mchanga, nikaambiwa nisiguse kitu kingine chochote. Nilichekecha tangu king'ora cha asubuhi hadi kile cha saa sita. Hakuna aliyenisemesha isipokuwa mzee mmoja aliyepita, akachota mchanga wangu, akaufinya, kisha akafungua kiganja na kuutazama kama mtu anayesoma barua. Akaumwaga chini. "Tena," akasema. Nikachekecha tena. Huyo alikuwa Tata Edmond, bingwa wa kalibu zinazomiminiwa shaba, na nilikuja kujua baadaye kwamba siku hiyo alikuwa amefurahi.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye atelie, karakana yetu, kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu tangu nistaafu sina mtu wa kumgombeza. Vyeo nilivyopata na vile nilivyonyimwa nitaviacha, maana havijawahi kumsaidia mtu kumimina shaba. Wengi wenu leo mna mkono mzuri kuliko niliokuwa nao mimi kwa umri wenu. Lakini mkono mzuri bila hadithi za waliounguzwa kabla yenu ni hatari.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi, nasi tulikaa Kapata, hapa Kolwezi, katika zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari. Nilipomaliza shule ya ufundi, fonderi ilikuwa ikitafuta mtu wa noyo mwenye vidole vyembamba. Waliponiona ni msichana walitazamana. Mmoja akauliza nani atampikia mume wangu akitoka kazini, nami nikamjibu kwamba mume huyo simjui bado, akitokea nitamtuma kwake ale. Wakacheka, nikaandikwa kazi. Kuanzia hapo jina langu likawa Mama Fonderi, hata kabla sijawa mama wa mtu.

Noyo ni nini? Ukitaka kumimina bomba, lazima ndani ya kalibu uweke kitu cha kushika ile nafasi ambayo shaba haitaingia. Kitu hicho hutengenezwa kwa mchanga uliokaushwa, na kazi ikiisha unakivunja na kukitupa. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutengeneza kwa uangalifu mkubwa kitu cha kutupwa. Watu hudhani sisi tunafanya kazi na shaba. Si kweli. Tunafanya kazi na uwazi siku tano, na shaba inakuja dakika mbili za mwisho kuchukua sifa zote.

Kosa langu kubwa la ujana nalisema bila kuficha. Ilikuwa masika, kalibu ya bushi la pampu, ile pete inayoshika mhimili, haikuwa imekauka sawasawa, nami nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba naweza. Nilipomimina, maji yaliyofichama ndani yakageuka mvuke, kalibu ikatema shaba hadi darini. Tone moja lilipenya kiatu cha Tata Edmond. Alivua kiatu, akamwagia mguu maji, kisha akanituma kwa mama mmoja wa sokoni nikanunue kioo kidogo cha kujipodolea. Akanionyesha: kalibu ikiwa bado ya moto, weka kioo baridi juu ya tundu la hewa. Kioo kikiingia ukungu, usimimine. Kioo kile nimekibeba mfukoni tangu siku hiyo, na wanaume wa fonderi waliamini miaka yote kwamba najipendezesha.

Kampuni ilipoanza kukohoa, fonderi ndiyo iliyopata homa kwanza. Tanuri lilizimwa, likawashwa, likazimwa moja kwa moja. Tata Edmond alibeba koleo zake akaenda kukaa uani kwake, pale Kapata, kuchoma mihogo, na baada ya wiki mbili za kuchoshwa na mihogo akachimba shimo, akalijengea matofali, akaniita. Hiyo ndiyo atelie yenu. Tulianza na misalaba ya makaburi na kengele za parokia. Vyuma vya mashine havikuwa na mtu wa kuvinunua tena, ila watu waliendelea kufa na kusali.

Hapo ndipo tulipojifunza kazi ya nta. Unachonga sanamu kwa nta, unaifunika kwa plasta iliyochanganywa na unga wa matofali, unaipika. Nta inayeyuka na kutoka, inaacha nafasi yake, na bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, inaingia mahali ilipokuwa. Pimeni nta kabla ya kuifunika: kilo moja ya nta hudai karibu kilo kumi za bronzi, na anayekisia ataishia na mtakatifu asiye na miguu. Tulikuwa na mmoja wa aina hiyo. Tata Edmond alimtundika ukutani na kila mwanafunzi mpya alipewa kazi ya kumfuta vumbi.

Tata Edmond alipofariki, koleo zake zilikuja kwangu. Nilimlilia kama nilivyomlilia baba yangu. Sitasema zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe angeniambia tanuri linapoa.

Sasa nafika kwenye kazi niliyotaka kuwaandikia tangu mwanzo.

Grâce alikuja atelie akitoka shule ya sanaa ya Lubumbashi, na suruali yenye madoa ya rangi na daftari kubwa kuliko yeye. Leo yeye ndiye mkuu wenu, kwa hiyo nitasema kwa adabu kwamba siku zile alikuwa anaongea sana. Kituo kimoja cha vijana hapa mjini kilikuwa kimempa kazi ya sanamu ya uani, yenye jina "Binadamu wa Kesho". Alikuwa amesoma kwamba siku moja mwili utakuwa kitu cha kizamani, watu wataacha mifupa na nyama, akili zao zitahifadhiwa ndani ya mashine. Alitaka kumsimamisha huyo mtu wa kesho hapa Kolwezi, mahali ambapo mashine hizo zitachukua shaba na kobalti yake.

Wazo lilinichekesha, kisha likanishika. Malori yanapita mbele ya mlango wetu mchana kutwa yamebeba mawe ya kwenda kuwa betri. Ikiwa kweli roho za watu zitakaa ndani ya mashine, basi kila roho itakuwa na kipande cha Lualaba, jimbo letu, ndani yake, na hakuna atakayetuletea shukrani.

Tulikuwa tumekaa kula bukari, ugali wetu, saa sita aliponionyesha michoro yake. Ilikuwa ya watu wa nyaya, vichwa vya kioo, vifua vitupu.

"Mama, mutu wa kesho hatakuwa na mwili," akasema. "Akili yake itaingia mu mashine, itabakia mule milele."

"Na bukari atakula na nini?"

"Hatakula, mama."

"Basi ule hayiko mutu wa Katanga."

Tulicheka sote, isipokuwa mama aliyekuwa anatugawia chakula. Yeye alikuwa anaitwa Mama Merveille, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa amehamia Kapata kwa dada yake akitoka Kasulo, mtaa mwingine wa mji, na kila siku saa sita alituletea sufuria la bukari na samaki. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliweka mwiko chini.

"Ule mutu munatafuta, mwenye hana mwili," akasema, "munamutafuta mbali juu ya nini? Bwana yangu, ni mwaka ya tatu hana mwili. Hiyo haiko mambo ya kesho."

Wote tulijua kisa chake, ila hatukuwahi kukisikia kinywani mwake. Baba Merveille alikuwa mchimbaji, mtu wa Kapanga, kutoka pande za Musumba. Shimo la madini alilokuwa anachimba, uani kwa watu kule Kasulo, lilibomoka na kumfunika. Wenzake walichimba siku nne, kisha mvua ikaja, ukuta wa pili ukaanguka, shimo likafukiwa. Walimlilia bila kumwona.

Grâce alifunga daftari lake. Jioni ile hakuongea, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

Baada ya siku chache Mama Merveille alikuja bila sufuria. Alikuwa amebeba koti limefungwa ndani ya kikwembe, yaani kitenge. Lilikuwa koti la jinzi, zito, limepanguswa vumbi na kukunjwa vizuri, lenye viraka viwili kwenye viwiko. Siku ya ajali kulikuwa na joto, mumewe aliliacha juu ya msumari nyumbani akashuka na fulana. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha mumewe; hata picha walikuwa wamepiga moja tu, nayo ilikuwa kwenye simu, na simu alishuka nayo.

"Bashemeji ba Musumba banataka koti hii," akatuambia. "Banasema mutu hawezi kubakia bila kaburi, tuzike nguo yake ku nafasi ya mwili. Kila mwezi banatuma neno. Mi nabajibu: chini eko tayari. Nitamuzika mara ngapi?"

Kisha akamgeukia Grâce. "Ulisema unataka kusimamisha mutu mwenye hana mwili. Musimamishe huyu."

Grâce alinitazama mimi. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mfano wa koti lile kwa udongo au kwa nta ya kuchonga ungekuwa uongo. Koti lenyewe lingeingia kwenye kalibu. Tunaita kumimina moja kwa moja: kitambaa kinalowekwa nta mpaka kinakakamaa, kinafunikwa, na motoni kinaungua pamoja na nta. Hakuna mfano unaobaki, na hakuna kurudia.

Nilimketisha Mama Merveille kwenye kiti changu. "Mama, sikiliza muzuri. Koti hii itaungua mule mu kalibu. Hatutaiona tena. Kama bronzi inapita muzuri, utapata koti ya bronzi. Kama inakataa, hautapata kintu, hata kifungo. Na ku Musumba hautakuwa na kintu ya kutuma."

"Inakataaka?"

"Inafikaka, mara ingine inakataa."

Alilipapasa koti, akanyoosha ukosi. "Bwana yangu nilimuachaka kushuka mu shimo kila siku. Kungoja najua."

Nawaambia ukweli, nilitamani akatae. Nimemimina kengele za parokia kubwa nikalala usingizi wangu wote. Koti hili lilininyima usingizi kabla hata sijaligusa.

Tulianza kazi. Tulilivisha koti juu ya fremu ya vyuma, Grâce akitaka lisimame kama la mtu anayepiga hatua, hali ndani hamna mtu. Mama Merveille alikuja kila siku baada ya kugawa chakula, akazunguka fremu, akasahihisha. Bega la kushoto lishuke, kwa sababu ndilo alilobebea magunia. Mkono wa kulia usiwe mbali na ubavu. Ukosi nyuma uinuke kidogo, kwa sababu hakuupanga vizuri hata siku moja ingawa aliambiwa. Kila alipogusa, koti lilizidi kuwa mtu. Grâce, msomi wetu wa mambo ya kesho, alikuwa anaandika maneno ya mama yule kwenye daftari kama mwanafunzi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa, na ni kosa la watu wenye heshima. Tulipokuwa tunapaka nta, Grâce aliniita pembeni.

"Mama Fonderi, kuko kintu mu mufuko ya kushoto."

Nilikuwa nimekwisha kukigusa mimi mwenyewe, kitu kigumu, kadiri ya yai, na mfuko umefungwa kwa kifungo. "Acha," nikamwambia. "Mufuko ya mwenye kufa, mugeni hatiake mukono. Mwenyewe anajua."

Kwetu ndivyo ilivyo. Vitu vya marehemu hufunguliwa na watu wake. Nilidhani mama ameacha kitu pale makusudi, labda dawa, labda rozari, na kumuuliza kungekuwa kama kumchungulia. Kuuliza si ujinga, wote tunausema msemo huo, lakini siku ya kuuliza mdomo unakuwa mzito. Nikapaka nta juu ya mfuko, nikaendelea.

Tuliijaza noyo ndani ya koti, tukaishikilia kwa misumari, tukapanga mifereji na matundu ya hewa, tukafunika. Kalibu ilikuwa kubwa kama pipa. Tuliipika kichwa chini siku mbili kwa makaa, tukipokezana, na nta ilipokwisha kutoka, moshi wa kitambaa ukafuata. Mama Merveille alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili wa ua. Harufu ya nguo inayoungua ilipomfikia aliinuka, akasimama wima mpaka ikaisha, kisha akaketi tena. Majivu tuliyapuliza kwa kompresa ya hewa. Kioo changu kilitoka kikavu, mara tatu.

Tulimimina asubuhi, mawingu yakiwa yamejaa upande wa Dilala na sisi tukiyaomba yangoje. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti. Bronzi iliingia bila kubisha, ikapanda kwenye matundu yote isipokuwa moja. Nililitazama tundu lile kama mtu anayengojea mgeni njiani. Halikujaa. Nikasema tuache ipoe.

Kesho yake tulivunja kalibu kwa nyundo ndogo, Mama Merveille akiwa amepiga magoti karibu yetu na kuondoa plasta kwa vidole. Bega lilitoka, lile la kushoto, limeshuka vile vile. Ukosi ukatoka, umeinuka. Viraka vya viwiko vilitoka na mshono wake wote, uzi kwa uzi. Nilisikia Grâce anapumua. Kisha tukafika ubavuni, na mahali pa mfuko wa kushoto palikuwa na tundu kubwa kama kiganja changu, kingo zake zimeparara, limejaa unga mweusi na vipande vya jiwe.

Nilivisugua vipande vile mkononi. Hapa Kolwezi hakuna asiyelijua jiwe hilo. Lilikuwa kobalti. Motoni lilipasuka, likaziba njia, bronzi ikakosa pa kupita.

"Ni eshantiyo," Mama Merveille akasema polepole. "Alibebaka moja mu mufuko ya kuonesha banunuzi. Mi niliwaza mulishaitoa. Munakamata koti, ni ninyi bafundi."

"Na mi niliwaza uliiacha mwenyewe, mama."

Tulitazamana. Mwanamke huyu alikuwa amenikabidhi kitu cha mwisho cha mumewe, nami nilikirudisha kimetoboka kwa sababu ya kuona haya kuuliza swali moja. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya wanafunzi wote, kwa magoti. Alinishika mkono akaniinua, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile tundu.

Grâce naye alikuwa analitazama, na uso wake ulikuwa unang'aa. Nilijua kinachokuja.

"Mama, tuiache hivi," akasema. "Shimo njo inasema yote. Jiwe yenyewe njo ilifanya shimo. Hakuna msanii angeweza kuwaza hivi."

"Inasema nini?" Mama Merveille akauliza.

Grâce alieleza. Alieleza vizuri, na mimi niliyezeeka kwenye uwazi nilimwelewa: dunia inachukua jiwe, inaacha tundu mahali pa mtu. Watu wa kituo wangelipenda, wageni wangelipiga picha. Mama Merveille alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Grâce, mwana yangu," akasema. "Koti hii mi njo niliifuaka. Mi njo niliishonaka. Hata siku moja bwana yangu hakutoka ku nyumba na mufuko ya kupasuka. Na we unataka asimame mbele ya bantu hivi, milele? Mi shimo sitaki tena."

Sanamu ilikuwa ya Grâce, jina lake ndilo lingeandikwa chini, na kwa haki ya kazi yetu neno la mwisho lilikuwa lake. Nilisimama katikati nikijua kwamba wote wawili wana haki, na kwamba kosa ni langu. Nataka mjue kwamba mkuu wenu, aliyekuwa msichana siku zile, alilia kidogo kwa hasira, akajifuta kwa mkono wenye plasta, akasema, "Bon. Tuzibe."

Mimi nikarukia neno hilo. Kuziba ndiko ninakokujua. Nilimwambia Mama Merveille kwamba nitamwekea kipande cha bronzi, nitakilehemu, nitakipiga tupa, na hata yeye mwenyewe hatajua palipokuwa na tundu. Nilisema kwa majivuno, maana ni kweli.

"Hapana," akasema. "Kiraka mi njo nakata."

Alifungua pindo la kikwembe alichovaa, akakata kipande, akakizungushia upindo kwa sindano na uzi, akiwa amekaa kwenye kiti changu na mguu mmoja umekunjwa, kama mama yeyote anayeshona nguo ya mumewe kabla ya Jumapili. Alichukua muda wake. Mimi nisiyejua kushona hata kifungo nilishika taa ya mkononi ili aone, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake. Alipomaliza alinipa, nami nikauliza, wazi kabisa, kama kuna kitu chochote ndani ya upindo ule. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Tulikiloweka kiraka kwenye nta, tukakifunika, tukakipika, tukakimimina kwa mabaki ya bronzi ile ile ili rangi zisigombane. Kikatoka na maua ya kikwembe na kila kishono chake. Nililehemu kwa upande wa ndani, mkono mzima umezama kwenye koti kama mtu anayemvalisha mwenzake, ili moto usiguse mishono ya nje. Ilinichukua siku nzima. Katika maisha yangu yote ya kazi sijafanya kiungo kizuri kuliko kile, na hakuna anayekiona, kwa sababu kiko ndani.

Grâce alilisimamisha koti juu ya chuma chembamba kiasi kwamba kwa mbali huoni kilicholishika. Kutoka kwenye ukosi alipandisha nyaya za shaba, nyingi, nyembamba, zinazopungua kuelekea juu mpaka jicho linazipoteza. Mtu wa kesho, akasema. Mama Merveille alizitazama nyaya zile, akasema ni nzuri, ila zisimguse shingo, atawashwa.

Aliwaita mashemeji zake mwenyewe. Hakutaka wasikie kwa watu. Walikuja wawili kutoka Musumba, njia mbaya ya siku nyingi, wakafika atelie na vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuwa wamekuja kuchukua koti. Mkubwa, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, hakusalimu sana. Nilikuwa nimemwandaa Mama Merveille kwa maneno makali, na yeye alikuwa amesimama kando ya sanamu, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Wakikataa, angekuwa mke aliyemnyima mumewe kaburi, na neno hilo lingemfuata yeye na binti zake popote.

Mzee alizunguka koti. Alitazama bega, akatikisa kichwa kama anayemtambua mtu kwa mbali. Alitazama nyaya. Kisha akafika ubavuni, akaweka vidole kwenye kiraka, akavipitisha juu ya mshono, polepole, kishono kwa kishono.

"Nani alishona hii?"

"Ni mi, tata."

"Na kitambaa?"

"Ni ya kikwembe yangu."

Mzee aliacha mkono wake juu ya kiraka. "Basi eko kwake," akasema. "Abakie."

Akavua kofia, akachutama mbele ya koti la mdogo wake, akapiga makofi ya salamu, taratibu, viganja vimekunjwa. Kwao mdogo ndiye humpigia mkubwa. Yeye alipiga hata hivyo. Mama Merveille alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi nililia wazi mbele ya wanafunzi wangu bila kuona haya. Nilikuwa na fahari ambayo hakuna kengele iliyowahi kunipa.

Walipokuwa wanaaga, yule shemeji mdogo alinijia pale nilipokuwa nimesimama kando ya tanuri.

"Mama," akasema, "kule nyumbani bataniuliza ni nani alimusimamisha. Niseme nani?"

Sikusema Mama Fonderi; nikamtajia jina langu lote, la ubatizo na la babu, polepole, ili asikosee.